Krenki za Kupandia Milima

Mume wangu ni fundi bomba, na kwa fundi bomba hakuna kitu kisichofunguka, ni wewe tu hujakaza mkono. Nilipoolewa naye nilidhani hiyo ni sifa.

Kesho asubuhi timu ya baiskeli inachaguliwa. Njia ni milima mitupu, na kocha alisema wazi: mwenye gia kubwa mbele asijisumbue kuja. Nikatafuta hadi nikapata krenki, ile mikono ya pedali, za gia ndogo, pamoja na beringi zake. Leo kabla sijaenda kazini nikatandika gazeti sebuleni, nikapanga vifaa: alenki ya kufungulia boliti, pula ya kung'olea krenki, spana ya vikombe vya beringi, grisi na kitambaa.

"Usiguse," nikamwambia. "Nikirudi tutafanya wote. Wewe utanishikia fremu."

"Sawa, bosi," akasema, akacheka.

Niliporudi nilimkuta amekaa sakafuni, baiskeli imepinduliwa magurudumu juu. Pembeni yake kulikuwa na spana yake ya kazini, mpini umechomekwa kwenye kipande cha bomba ili uwe mrefu.

"Nilitaka ukirudi ukute kazi imeisha," akasema.

Krenki za zamani alizitoa vizuri, hapo sina ubishi naye. Balaa lilikuwa kwenye kikombe cha beringi kinachokazwa ndani ya fremu, upande wa kulia. Kile hufunguliwa kinyume, kwa kugeuza kulia. Yeye alikivuta kushoto, kilipogoma akaongeza bomba, akaning'inia nalo kwa uzito wake wote. Nyuzi za ndani ya fremu, zinazoshika kikombe, zilikuwa zimesagika, unga wa alumini umetapakaa kwenye gazeti langu. Fremu ile haitashika beringi tena, na sina nyingine. Nililia mbele yake bila aibu.

"Pole, mke wangu. Mtu na kazi yake. Mimi nimezoea kufungua ni kushoto. Ningejuaje?"

Nusura nimwonee huruma. Nikaingia jikoni kuchemsha maji ya chai, maana nilihitaji kushika kitu kingine. Moto ukafifia, ukazima, gesi imekwisha. Akaja mwenyewe bila kuitwa, kama kawaida yake, akavuta mtungi wa akiba, akapachika spana kwenye nati ya mtungi uliokwisha. Akaizungusha kulia. Ikafunguka.

Hata hakufikiri. Nati ile nayo ni ya kinyume, na ameshafunga na kufungua za mtaa mzima. Aliponiona namtazama, mkono wake ukasimama. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi wangu alikuwa amechuchumaa jikoni na spana mkononi.

"Ulijua," nikasema.

Akaweka spana chini.

"Wangekuchagua," akasema. "Kambi ya timu ni miezi mingi. Hata sasa, kwa haya mazoezi yako, watu washaanza kuniuliza, mkeo anaishi wapi siku hizi? Nimechoka kuchekwa."

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia ungeenda tu."

"Ningeenda, ndiyo," nikasema. "Na ningerudi."

Nikampita pale alipochuchumaa, nikaenda chumbani kushusha begi la safari.