Mlango Mpya wa Baba

Chumba cha kompyuta kubwa ya hospitali kilikuwa mwisho wa korido, kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi. Humo fundi alikuwa anamalizia chai iliyopoa huku akichukua nakala ya kila kilichomo kwenye mashine. Alikuwa amepewa kazi ya kubadilisha programu inayowawezesha watu kuingia kwenye mashine wakiwa mbali. Ya zamani ilikuwa imechoka, na wezi wa mitandaoni walishajua kuifungua.

Aliyeitumia zaidi alikuwa baba yake. Baba aliitunza mashine ile mpaka akafia kwenye kiti alichokalia sasa fundi huyu, bintiye, na tangu azikwe hakuwahi kukosa kazini. Kila alasiri aliingia kutoka huko aliko, akapanga mafaili ya wagonjwa, kisha akamwandikia bintiye kwenye skrini: Umekula? Hospitali haikuajiri mtu mwingine, kwa kuwa kazi ilikuwa inafanyika.

Kabla hajafa aliomba likizo ampeleke mkewe kwa ndugu zake, na mkuu wa kitengo akamwambia asubiri mashine mpya ije. Haikuja. Begi la safari bado lilikuwa nyuma ya mlango chumbani kwa mama, na mama aliyatoa mashati mara kwa mara, akayaanika, akayakunja tena.

Binti alikuwa na hofu. Programu mpya ilitaka kila anayeingia ataje namba inayotumwa kwenye simu yake, na baba hakuzikwa na simu. Akishindwa, ndiyo basi tena, hakuna wa kumuuliza kama amekula.

"Mkuu, si umpe tu likizo yake kabla sijabadilisha?" aliuliza.

"Halafu kazi yake afanye nani?" mkuu alijibu bila kuinua macho. "Wewe badilisha. Likizo tutaiangalia mashine mpya ikija."

Akarudi akafanya kama baba alivyomfundisha. Programu ya zamani hakuigusa. Aliiweka mpya kando yake, ikapata mlango wake yenyewe, na ule wa zamani akauacha wazi, naye mwenyewe akiwa ndani. Baba alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa hilo. Kuna mafundi wa nje waliwahi kuiondoa ya zamani kwanza, mashine ikamfungia kila mtu nje, na wauguzi wakawa wanaandika wagonjwa kwenye maboksi ya glavu.

Alasiri baba akaingia kwa njia yake ya siku zote.

Umekula?

Nimekula, baba, binti akaandika. Jaribu mlango mpya. Usitoke kwanza kwenye huu.

Hayo nani alikufundisha, mama? baba akamtania.

Nyumbani, simu ya marehemu ikalia juu ya friji. Mama aliichaji kila siku kwa sababu hakupenda kuiona imezimika. Akaacha vyombo, akafuta mikono, akavaa miwani. Aliiona namba na akajua si yake, ni ya mumewe. Basi akaisoma kwa sauti palepale jikoni, kama alivyozoea kumsomea mumewe kila alipopoteza miwani.

Kwenye skrini yakatokea maneno: Nimeingia. Mama yako ana mafua, mpitishie dawa.

Binti alilia kidogo, akapenga kamasi. Akamwomba atoke na kuingia tena, naye akatoka na kuingia. Hapo ndipo akaufunga mlango wa zamani.

Mkuu alifurahi sana. Alimsifu fundi mbele ya wenzake, na jina la baba likabaki kwenye zamu.

Siku hizi, alasiri ikifika, mama huvuta viti viwili jikoni. Namba ikiingia huisoma polepole, tarakimu moja moja, na katikati humweleza mumewe habari za ndugu zake, za bati linalovuja, za shati la kijani alilolipiga pasi. Mara nyingine hukosea tarakimu makusudi, ili itumwe namba nyingine na waanze upya.

Kazini, baba huandikwa amechelewa.