Mhojiwa wa Saba

Oddny alipoketi kwenye chumba cha kulia cha kiwanda cha samaki, Gerd aliinuka. Hakuinuka kwa kishindo. Alifunga kopo lake la chakula, akakusanya makombo kwa kiganja, akaenda kula amesimama karibu na sinki, mgongo kwa watu. Wanawake wawili waliokuwa mkabala nao wakainuka pia, mmoja akisema anakwenda kuvuta sigara, ingawa sigara aliiacha tangu Krismasi. Oddny akabaki na meza nzima. Nje ya dirisha shakwe waligombania matumbo ya samaki. Alitafuna mkate wake. Jibini la kahawia likamganda kwenye fizi, akalisukuma kwa kahawa iliyopoa.

Gerd alikuwa wifi yake. Miaka nenda miaka rudi walisimama bega kwa bega kwenye mkanda wa minofu, glavu kwa glavu. Walipomzika Arvid, mume wa Oddny na kaka wa Gerd, ni Gerd aliyehamia kwake na kulala naye kitanda kimoja, ili asiwe anaamka peke yake.

Baada ya chakula Steinar alimwita ofisini. Steinar ndiye meneja. Baba yake ndiye mwenye kiwanda, mwenye gati, mwenye duka, na mwenye nyumba zile za mbao walimopanga wafanyakazi wa kigeni.

"Kaa, Oddny. Kahawa?"

"Nimeshakunywa."

Mbele yake kulikuwa na karatasi zilizochapwa kutoka mtandaoni, mistari mingine imepakwa rangi ya njano. Akasoma kwa sauti, pole pole, kama anayemsomea mgonjwa.

"'Mhojiwa wa saba. Mwanamke, mjane, miaka sitini na kitu, mzaliwa wa kisiwani. Kazi: minofu.' Wajane wa minofu wako wangapi humu?"

Oddny alitazama mistari ya njano.

"Mimi sijasema ni wewe. Jina halimo. Niendelee? 'Wifi yangu alikuja kwangu analia. Mwanawe ndiye aliyekifungua kile kifuniko cha mashine, kwa sababu aliambiwa kinachelewesha kazi. Na baada ya ajali aliambiwa akirudishe kabla wakaguzi hawajafika. Aliambiwa na nani? Na yule yule.'" Steinar aliinua macho. "Yule yule ni nani?"

"Unamjua."

"Ninachojua, hapa kuna mtu hana mlango mdomoni." Alisema bila ukali. "Sikufukuzi. Nikikufukuza watasema nimekuonea. Rudi tu kazini. Wenzako wameshasoma."

Kumbe nakala nyingine ilikuwa imewekwa juu ya mashine ya kahawa tangu Ijumaa.

Miaka miwili nyuma, mashine ya kukata vichwa vya samaki ilimvuta mkono Rimvydas, kijana mpole kutoka Lithuania aliyependa kupiga mluzi. Alikufa kabla helikopta haijatua. Wakaguzi walikuja, wakakikuta kifuniko mahali pake kimekazwa barabara, wakaandika kwamba marehemu hakuwa mwangalifu. Mwili ukasafirishwa. Kazi ikaendelea.

Majira ya kuchipua yaliyofuata alikuja Torunn Eikeland, mtafiti wa chuo kikuu, aliyekuwa akiandika juu ya maisha ya watu wa viwandani. Alikaa jikoni kwa Oddny jioni kadhaa, kinasa sauti kikiwa katikati ya vikombe. Hakuwa na haraka. Oddny alimweleza habari za Arvid, za mgongo unaouma, za baridi ya glavu. Hatimaye akatoa na lile lililokuwa likimkaba. Torunn alitokwa na machozi. Akasema, "Hili litabaki kwangu, Oddny. Nikiandika, hakuna atakayejua limetoka kwa nani." Alisema kweli, kwa maana ndivyo alivyoamini.

Sasa Oddny alimpigia simu.

"Umewapa?"

Upande wa pili kulisikika kelele za watoto. Siku hizi Torunn alikuwa anafundisha shule ya sekondari.

"Kanuni ilikuja nikiwa nimeshaanza," akasema. "Utafiti wote unaolipiwa kwa fedha za umma uwe wazi. Si kitabu tu. Na mahojiano yenyewe, neno kwa neno. Fani zote. Nilikataa, nikakataa. Wakaniambia nisipoyaweka wazi mradi haufungwi, na mradi usipofungwa hakuna mkataba mpya."

"Ukapata mkataba?"

"Hapana."

Oddny alisikia kengele ya shule ikilia.

"Nilifuta jina lako," Torunn akasema. "Nilifuta na jina la kisiwa. Nilidhani inatosha."

"Ungenifuta mimi mzima."

Oddny aliwapigia wakaguzi nao. Akawaza: kama limeshamwagika, angalau limfae marehemu. Sauti ya mwanamume ilimwambia kwamba maneno ya mtu asiye na jina si ushahidi.

"Jina ninalo. Naitwa Oddny Skarvik."

"Ulimwona akikifungua?"

"Niliambiwa na mama yake."

"Basi tunamhitaji mama, au kijana mwenyewe."

Jioni alikwenda kwa Gerd. Taa ya jikoni iliwaka, sufuria ilichemka, na Jostein, mwanawe Gerd, alionekana mezani ameinamisha kichwa. Oddny alibisha. Gerd akaja hadi mlangoni, asifungue.

"Wifi," Oddny akasema, "tukisema wote watatu..."

"Nilikulilia wewe," Gerd akajibu nyuma ya mbao. "Sikuililia dunia."

Torunn aliwaombea miadi na kamati, akaomba ruhusa shuleni, wakakutana mjini, mbele ya chuo kikuu. Oddny alikuwa amevaa koti lake la mazishi, kwa kuwa hakuwa na jingine la heshima. Walipokelewa vizuri. Chumba kilikuwa cha kioo pande zote, hata ukiwa ndani unawaona waliomo kwenye vyumba vingine wakipungiana mikono na kucheka bila sauti. Profesa Halvard Krogness, mwenyekiti wa kamati ya uwazi, alikuwa mtafiti wa nyota. Maisha yake yote alikuwa amepima mwanga wa vitu vilivyo mbali. Pembeni yake aliketi Synnøve Tveit wa ofisi ya data, kompyuta imefunguliwa.

"Kwanza, tunashukuru umekuja," profesa akasema. "Si kawaida sisi kumwona mhojiwa."

"Ninataka yaondolewe," Oddny akasema. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi. Yaliyobaki yalikuwa hayo.

"Naelewa. Lakini tazama. Zamani kila mtafiti alificha vitu vyake kabatini, tukawa tunaaminiana kwa macho tu. Uongo mwingi ulipita humo. Sasa mimi nikipima nyota, usiku uleule mtu wa Chile anaweza kunisahihisha. Huo ndio uzuri wa uwazi."

"Nyota hazina wifi, Halvard," Torunn akasema.

Profesa alitabasamu, kwa adabu. "Kanuni haiwezi kuwa na fani inayopendelewa. Wenzetu wa tiba wameweza. Wa saikolojia wameweza."

"Na wa uhandisi?" Torunn alikuwa amepauka midomo. "Baada ya ajali, kiwanda kilekile kiliwaajiri wahandisi wa hapa chuoni waichunguze mashine ileile. Waliipima. Waliandika kama kifuniko kilikuwa kimefunguliwa au la. Iko wapi ripoti yao? Nimeitafuta."

Synnøve aligusa vitufe. Akasoma, kisha akamtazama profesa kabla ya kujibu.

"Ipo. Ila imefungwa. Kuna makubaliano na kampuni. Siri ya biashara."

"Hiyo ni hali tofauti," profesa akasema. "Kanuni inasema wazi kadiri inavyowezekana, siri kadiri inavyolazimu."

Oddny aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Ilimchukua muda kuelewa, akauliza taratibu, akitaka kweli kujua, "Nani anasema inalazimu?"

"Kampuni hutoa sababu zake, na sisi tunazipima."

"Na mimi nimetoa zangu."

Ng'ambo ya kioo mtu alipita na trei ya keki. Synnøve, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasogeza kiti karibu.

"Mama, tunaweza kuyaondoa kwenye tovuti yetu. Leo hii. Ila yameshapakuliwa na watu, na juu ya nakala zao hatuna uwezo. Na ukurasa haufutiki kabisa. Yanapoondolewa maelezo yanabaki: 'Mahojiano ya saba yameondolewa kwa ombi la mhojiwa.' Pamoja na tarehe."

"Yaani watajua nilikuja."

"Jina lako halitakuwemo."

Oddny alivaa glavu zake. Torunn alijaribu kumshika mkono, Oddny akauondoa, si kwa chuki. Alikuwa amechoka kushikwa. "Yaondoeni," akasema. Kwenye ngazi Torunn alilia tena. Oddny alisema boti haitamsubiri.

Steinar aliuona ukurasa siku ya pili yake. Alimhamishia Oddny chumba cha barafu, kupanga maboksi, mahali pa mtu mmoja. Dukani mwuzaji alimrudishia chenji kwa kuiweka juu ya kaunta. Jostein aliondoka kisiwani kwenda kutafuta kazi kwenye meli za mbali, na siku alipopanda boti Gerd alisimama gatini peke yake, na Oddny akasimama mbele ya nyumba yake peke yake, na baina yao palikuwa na barabara ambayo mtoto angeivuka kwa mruko mmoja. Hakuna aliyeivuka.

Theluji ikaja. Kuna Jumapili aligundua kwamba tangu Jumatano hajaisikia sauti yake mwenyewe. Alijaribu kukohoa, akasikia kama mtu mwingine amekohoa chumbani.

Ilikuwa mchana wa Jumapili hiyo simu ilipolia. Aliiacha kidogo, akidhani masikio yanamdanganya. Kisha akaikimbilia, akagonga paja kwenye kona ya meza.

"Habari, ni Oddny Skarvik?" Sauti ya msichana, changamfu. "Nakupigia kwa niaba ya chuo kikuu. Majira ya vuli ulihudumiwa na ofisi yetu ya data. Tunafanya utafiti mdogo kuhusu jinsi watu walivyoridhika na huduma. Una dakika chache?"

Oddny alikaa. Akavuta kiti cha pili karibu, bila sababu.

"Ninazo," akasema. Sauti ilitoka na kutu.

"Vizuri sana! Baridi huko?"

"Baridi. Upepo umegeuka tangu asubuhi."

"Huku nako hivyohivyo. Sasa, kabla hatujaanza, lazima nikuulize: mazungumzo haya yatanaswa, na majibu yatawekwa wazi kwa watafiti wengine, bila jina, bila shaka. Unakubali? Ukikataa si tatizo, tutaishia hapa."

Upepo ulipiga ukuta. Barabarani hakukuwa na nyayo hata moja kwenye theluji.

"Halo?" msichana akasema. "Bado upo?"

"Nipo," Oddny akasema haraka. "Nasa. Nasa tu, mwanangu. Usikate."