Andati Hapitishi Mtu

Jumamosi moja ya mwaka wa 1997, Kweyu, Kavutha na Mulwa walipewa kompyuta moja na meza yenye mguu mfupi katika ukumbi wa kanisa, Kaloleni. Walikuwa na siku mbili za kutengeneza mchezo wa kompyuta. Kiwanda cha misumari kilichofadhili mashindano kilitaka mchezo wa kusifu bidii kazini.

Kavutha alichora wafanyakazi kumi. Mulwa alitengeneza milio ya mashine. Kweyu aliandika programu, na kufikia saa kumi jioni mfanyakazi mmoja aliweza kubeba sanduku la misumari kutoka ghalani. Alipofika kwenye mashine ya kukatia waya, mtu wa kumi na moja, mwenye ovaroli ya buluu, alisimama mbele yake na kuinua mkono.

"Huyu sikumchora," Kavutha alisema.

"Ni buda yangu," Kweyu alijibu.

Mwaka uliotangulia, mashine kama hiyo katika kiwanda hicho cha misumari ilikuwa imemvuta Andati, babake Kweyu, kwa mkono wa ovaroli. Haikuwa na kinga. Kiwanda kiliandika kwamba alikufa kwa uzembe wake.

"Tumfute?" Mulwa aliuliza.

"Futa wewe."

Mulwa alichukua kitambaa, akapangusa vumbi la skrini, akarudi kwenye milio yake.

Jumapili baada ya ibada, Nekesa, mamake Kweyu, aliwaletea chai. Alivuta kiti karibu na kompyuta.

"Baba Kweyu, umekonda," alisema.

Andati alivua kofia. Nekesa akamweleza habari za paa linalovuja, na jinsi kitinda mimba alivyojifunza kusoma.

Mwamuzi alikuwa Kilonzo, meneja wa kiwanda. Alicheza mara tatu, na mara zote Andati alimzuia.

"Alikuwa mkaidi hata alipokuwa hai," alisema. "Mbona hapitishi mtu?"

"Mashine haina kinga, bwana," Kweyu alisema.

"Mchezo ni mzuri. Mtoeni huyo, na kompyuta itakuwa yenu."

Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuota kumiliki kompyuta. Kweyu alimtazama mamake.

"Mlishamtoa mara moja," Nekesa alimwambia meneja, akikusanya vikombe.

Zawadi ilienda kwa timu ya mtaa wa Jericho. Kompyuta ya akina Kweyu ilirudishwa kiwandani. Jumatatu karani aliiwasha, akamkuta Andati ameinua mkono. Alimsalimu, maana walifahamiana, kisha akaigeuza skrini ikatazama ukuta, akaendelea kuandika kwa kalamu. Huko chini mashine ilikuwa imeanza saa moja kama kawaida, bila kinga, na mtu mpya alikuwa akiilisha waya.