Mbegu za Kapu Moja

Mwanga ulilala juu ya maji, na maji yalilala juu ya kila kitu. Palipokuwa na mpunga wa Romana, maji. Palipokuwa na njia ya kwendea sokoni Majimoto, maji. Palipokuwa na jiko, na banda la kuku, na mpapai uliompa kivuli saa nane mchana, maji, na juu yake anga, na ndani yake anga nyingine, hata mtu asijue aiombe ipi na aiogope ipi.

Enyi maji, mmekuja mkakaa. Hamkupiga hodi, wala hamkuuliza mwenyewe yuko wapi.

Mwenyewe alikuwa amesimama juu ya kichuguu, mkononi ana kifuniko cha sufuria. Kifuniko tu. Sufuria ilikuwa imekwenda zake. Mto ulipovunja kingo, asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa sabini na saba, Romana alikimbilia ndani kuokoa kitu kimoja duniani, akatoka na kifuniko. Usimcheke. Au mcheke kidogo, maana hata yeye baadaye alicheka, halafu akalia, halafu akasahau analia nini.

Kitu chenyewe kilikuwa kibuyu. Kilining'inia juu ya moto, moshi umekifanya cheusi, mdomo umezibwa kwa gunzi, na ndani yake mbegu ya mpunga wa mama yake. Mpunga mrefu, wenye ndevu nyekundu, ukipikwa harufu yake inafika kwa jirani kabla ya mgeni. Mama yake aliubeba kutoka kwao Sibwesa siku alipoolewa, na siku ya kufa alimshika Romana mkono akasema, "Hii mbegu isitoke nyumbani."

Haikutoka. Watu waliomba, akakataa. Theopista, jirani yake wa kule mlimani, aliomba mara mbili, konzi moja tu, akakataliwa mara mbili. Miaka ishirini haikutoka, mpaka maji yalipokuja kuitoa yenyewe.

Mwezi wa tano maji yaliondoka bondeni. Ndani ya Romana hayakuondoka. Alitembea kwenye tope lililopasukapasuka akitafuta mlango wake ulikuwa wapi, asiupate. Mume alikuwa kaburini, na mwanawe Isidori alikuwa Tabora akijifunza ufundi, barua zake zikichukua mwezi njiani. Kila asubuhi aliamka akiwa na jambo la kufanya, akasimama, jambo likampotea. Kifuniko alikuwa nacho kwapani.

Hapo ndipo jumuiya ilipomjia. Jumuiya ndogo lilikuwa jambo geni enzi hizo. Padre, aliyefika kigangoni mara moja kwa mwezi kwa pikipiki, alisema familia kumi na mbili zisali pamoja kila Alhamisi, nyumba kwa nyumba, na wazee wengine walidhani ni tawi la chama wakauliza kadi zinatolewa lini. Sasa zile familia zilikuja na fito, na nyasi, na kamba za magome, na unga wa mahindi. Katika siku nne Romana alikuwa na nyumba, juu kidogo, mbali na mto. Theopista alikanyaga udongo wa ukuta mpaka magoti yakageuka mekundu.

Ilikuwa nyumba nzuri. Lakini mlango waliuelekeza mlimani, na ule wa zamani ulielekea mtoni, kwa hiyo kila alfajiri Romana aliamka akauendea ukuta, akagonga paji la uso. Akasimama gizani na uvimbe wake. Ashukuru, au aulize? Akashukuru, maana anayejengewa haulizi.

Mwezi wa kumi na moja mawingu yalianza kujikusanya, na Felisiani, katekista, mtu mwenye sauti nene na mpunga mzuri kuliko wa wote, alitangaza kanisani. Walioharibiwa na maji walikuwa nyumba nne. "Jumapili ijayo nyie wote mje na mbegu. Kila nyumba kibaba kimoja. Ndiyo matoleo yetu."

Jumapili ikafika. Kapu kubwa likawekwa mbele ya altare, wimbo ukaanza, watu wakapanga mstari. Wa kwanza akamwaga mpunga mfupi, ule wa miezi mitatu na nusu. Wa pili akamwaga mrefu, wa miezi sita. Wa tatu wake ulikuwa wa majini, wa nne wake wa mlimani. Wakulima watupu hao, waliozaliwa matopeni, na kila mmoja aliona kosa likiingia kapuni kwa macho yake. Mbegu hazichanganywi. Lakini ni matoleo, na matoleo humwagwa kapu moja, na wimbo umefika ubeti wa tatu, na nani atasimama mbele ya altare aseme subirini? Felisiani mwenyewe aliona. Alitoa macho, akayafumba, akaendelea kuimba besi.

Romana alipewa debe moja. Alitia mkono ndani akahisi mbegu fupi, na ndefu, na nene, na nyembamba, zikimpita vidoleni pamoja. Ashukuru, au aulize? Akashukuru. Mvua ya kwanza ikanyesha, akaenda bondeni, akazimwaga jinsi zilivyo.

Zamani shamba la Romana lilichanua siku moja, lote, likasimama wima kama wanafunzi wa mstarini. Sasa lilikuwa vurugu. Mwezi wa nne kipande hiki kimetoa masuke, kile bado majani, hapa umeiva, pale ndiyo kwanza unachanua, na katikati ya ulioiva kuna mbichi, na katikati ya mbichi kuna ulioanza kuanguka. Ndege walifurahi sana. Romana alikaa juu ya dungu akigonga kifuniko chake kwa kijiti, kutwa nzima, akiwafukuza kaskazini wakatua kusini.

"Mama Isidori, unavuna lini?" wapita njia walimwuliza.

"Sijui," alijibu.

Na kwa mkulima, jibu hilo ni kama kuulizwa jina lako ukalikosa. Aliona aibu. Alilala akihesabu vipande vya shamba, akaamka vimebadilika.

Basi jumuiya ikaihamishia Alhamisi yake shambani. Walisali juu ya tuta, miguu ndani ya maji, kisha wakachukua miundu wakatafuta ulioiva. Kila mtu alitambua wake. "Huu ni wangu huu," alisema mzee Lyamba, akilishika suke kama kidevu cha mjukuu. "Huo mwachie Specioza, bado wiki mbili." Wakarudi Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata, na iliyofuata. Shamba ambalo lingevunwa kwa siku mbili likawa novena, sala ile ya siku tisa, na novena ikawa ndefu kuliko zote zilizopata kusaliwa bonde lile.

Na Romana alisema asante. Asante kwa Lyamba, asante kwa Specioza, asante kwa Felisiani na besi yake. Asante ilimchosha ulimi. Aliwapenda, naam, aliwapenda wote, na wakati huohuo alitamani Alhamisi moja tu wabaki makwao. Kisha akajiona mbaya, akaongeza asante nyingine.

Mwezi wa sita, Jumatano jioni, akifuata ndege mpaka kona ya mwisho ya shamba, karibu na matete, aliona nyekundu.

Alisimama. Maji yalimfika vifundoni. Masuke kama arobaini, marefu, yameinama, na kila moja lina ndevu nyekundu. Alilishika moja. Alilinusa. Akakaa palepale majini na kanga yake, akamwita mama yake kwa jina la nyumbani, sauti ikatoka kama ya mtoto. Furaha ilimjaa mpaka ikamwumiza kifua.

Halafu swali likaja. Masuke haya yametoka wapi?

Maji hayakurudisha kitu. Mbegu hizi zilitoka kapuni, na kapu lilijazwa na watu wa kigango, na kwake yeye mbegu haikuwahi kutoka. Kwa hiyo kuna mtu aliichukua. Kuna mtu, miongoni mwa waliomjengea, waliomlisha, waliosimama naye Alhamisi kwa Alhamisi, mmoja ni mwizi wake. Na mwizi huyo asingeiba, leo ndevu hizi zisingekuwa duniani.

Ashukuru, au ashtaki? Alirudi nyumbani akaupita mlango, akaurudia, akaupita tena. Amkasirikie aliyemtunzia? Ampigie magoti aliyemwibia? Alizipitisha nyuso zao moja moja, Lyamba, Specioza, hata Felisiani, na kila uso alioutazama ulimtia aibu yeye.

Jambo moja alilijua vizuri. Mpunga ule jua likiupata tu, hupukutika. Kesho mchana jumuiya ingekuja na miundu yao, na punje zingeishia majini. Ulitaka kukatwa asubuhi, umande ukiwa bado, kwa kisu kidogo, suke kwa suke, na kiganja cha pili kimekingwa chini. Hivyo alifundishwa na mama yake, na yeye hakumfundisha mtu.

Kwa hiyo alfajiri alikwenda na kisu. Akakuta kuna mtu.

Theopista alikuwa ameinama kwenye kona ile, kisu kidogo mkononi, kiganja cha kushoto kimekingwa chini ya suke. Aliyokwisha kuyakata ameyalaza juu ya tuta, upande wa njia ya kwa Romana, kwenye kitambaa safi.

"Umeamka salama, Mama Isidori."

"Salama, Mama Getrude."

"Nilisema nikukatie kabla ya jua. Wenzetu wakija na mundu watapukutisha wote."

Romana alikitazama kile kiganja. "Nani alikufundisha kukinga hivyo?"

"Ni wewe. Nilikuwa nakuangalia." Theopista hakuinua macho. "Mwaka ule nilipokusaidia kuvuna. Nilikuomba ukakataa, nikafunga masuke manne kwenye pindo la kanga. Miaka sita nimelima kule juu, nyuma ya mahindi, nakula kwa kujificha. Hata Baba Getrude nilimdanganya, nikasema mbegu ya kwetu." Akakata suke, akalilaza. "Siku ya matoleo nilitaka nikuletee peke yake. Nikaona haya. Watu walipomwaga pamoja, na mimi nikamwaga humohumo."

Romana alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia kumkumbatia, na mikono ni hiyohiyo miwili, na mmoja una kisu. Jua lilikuwa linapanda, na jua halimngoji mtu apange moyo wake. Akainama, akakata. Walikata wakitazamana, kichwa kwa kichwa, mpaka ndevu ya mwisho.

Kisha Romana alichuchumaa juu ya tuta, akagawa masuke mafungu mawili. Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Mikono ilitangulia. Fungu moja akalisogeza.

"Chukua. Kaa nayo hukohuko juu."

"Mama yako alisema isitoke," Theopista akasema polepole.

"Ilitoka. Ndiyo maana ipo."

Kama alimsamehe, hajui ilikuwa siku gani. Zipo Alhamisi ambazo hasira ilimrudia katikati ya sala, akaruka mstari mzima wa Baba Yetu. Zipo ambazo alicheka mwenyewe njiani, akikumbuka Felisiani alivyofumba macho.

Mwezi wa kumi na moja, mawingu yalipojikusanya tena, Romana alikipindua kile kifuniko cha sufuria, akakiweka kizingitini, akakitia maji mpaka ukingoni, akazilaza humo mbegu za kulowesha. Mwanga ukalala juu ya maji. Maji yenyewe yalikuwa kama viganja viwili, na chini yake wekundu wa mama yake, umetulia.

Enyi maji, kaeni hapo siku mbili. Mtaondoka nitakapowamwaga.

Akajifunga kanga, akatoka kwa mlango unaotazama mlimani, paji la uso zima, akapanda kwenda kumwuliza Theopista kama na yeye amekwisha kulowesha zake.