Prosesa ya Mapasa

Wawili walitoka tumbo moja siku moja, wakafungwa blanketi moja. Hawalii, hawanyonyi, na bado ukoo mzima umekosa raha kwa kutafuta wa kuwalisha. Tegua basi! Ukishindwa, usihangaike kutoa mji, maana miji ya miaka ile ilikuwa imechoka yote.

Walikuwa kadi mbili za picha, zile zinazotiwa ndani ya kompyuta ili michezo ichorwe vizuri. Bertin, aliyekwenda kutafuta maisha Johannesburg, alizituma kwa dereva wa lori, na kwa kuogopa zisivunjike akazifunga katika blanketi la mtoto wake mchanga. Aliyezingoja mjini Likasi alikuwa mdogo wake, Cyrille, fundi wa redio na kompyuta ambaye hakuwa na kazi tangu ofisi za kiwanda zifungwe.

Cyrille alizingoja kwa sababu moja tu, nayo iliitwa Sephora.

Sephora alikuwa binti wa mzee Kabongo. Huyu Kabongo aliendesha lori la mgodini miaka ishirini na minne, lile ambalo gurudumu lake linampita mtu urefu. Mgodi uliposimama, naye alisimama. Alikaa kwenye kiti chake na kofia ya chuma kichwani, asipende kitu. Cyrille alitaka kumfurahisha. Alikuwa ameazima kompyuta ya mjomba wake, tonton Barthélemy, akampelekea mchezo wa kuendesha lori. Ole wake! Lori likaganda, likaruka, likaganda tena, mpaka likaingia mtoni pamoja na mzigo.

Kabongo akavua kofia kama aliyeona msiba.

“Weye njo unapenda binti yangu? Na camion iko naruka kama chura? Sikia, mutoto. Siku camion yako itatoka ku mwanzo wa barabara mpaka ku mwisho bila kuruka, siku ile utume batonton yako bakuye kuniona. Mbele ya ile siku, apana.”

Basi ndiyo habari yenyewe. Lori litembee, au Sephora abaki kwao.

Kadi zilipofika, jamaa walikusanyika nyumbani kwa mama yake Cyrille, Germaine. Shangazi Clotilde ndiye aliyefungua blanketi. Huyu tantine alizaa mapasa, yaani mapacha, na mwanamke aliyezaa mapasa katika ukoo ule hapingwi, hata na padri. Akatazama: wawili, sura moja, urefu mmoja, blanketi moja. Akapiga vigelegele hadi kuku wakaruka ukuta, akawapa majina ya mapacha wa Kiluba.

“Mapasa! Huyu Kyungu, huyu Kabange! Germaine, weye unakaa tu? Leta pemba!”

“Tantine,” Cyrille akasema taratibu, “ile ni bintu ya ordinateur.”

“Na weye ulikuwa kintu ya nini mbele ya kuzaliwa? Nyamaza.”

Akataka kuwapaka pemba nyeupe, kama mapasa wanavyopokelewa. Cyrille alijua unga ule ukiingia kwenye kadi, harusi imekufa. Akapiga magoti. Baada ya maneno mengi shangazi alikubali kupaka blanketi peke yake. Kisha akaimba nyimbo za mapasa, zile za matusi, akawatukana wote waliokuwepo kuanzia miguu kwenda juu, nao wakamshukuru, maana ndiyo mila.

Ikabaki kuchagua prosesa.

Prosesa ndiyo kichwa cha kompyuta. Ndiyo inayopiga hesabu lori liko wapi na barabara inapinda wapi, kisha inazigawia kadi kazi ya kuchora. Tonton Barthélemy alikuwa na kompyuta mbili, alizopewa badala ya mishahara ya miezi kumi na saba. Prosesa zake zote mbili zilikuwa za mwendo wa mia mbili, watu wakaziita Mia Mbili. Nyingine ilikuwa kwa Lambert mpiga picha, ya mia tatu na hamsini, naye alikubali kuiachia kwa baiskeli ya Cyrille. Cyrille hakuwa na shaka. Mia Mbili hata kadi moja inaishinda kuilisha. Ukiipa mbili, zote zitakaa zinapiga miayo.

Lakini kijana hachagui peke yake. Wajomba walewale wa kukaa katika kikao ndio watakaokwenda kumposea. Ukiwavunjia neno leo, kesho nani atakusemea?

“Ile prosesa ya Lambert,” Clotilde akauliza, “iko na mabele ngapi?”

“Haina mabele, tantine.”

“Sasa itanyonyesha mapasa na nini? Unapatia Kyungu mbele, Kabange anakasirika. Mapasa akikasirika, anarudia kwenye alitoka. Kila mutoto apate mulezi yake. Minamaliza.”

Tonton Barthélemy, aliyekuwa karani miaka mingi na kalamu bado iko sikioni, akakohoa.

“Tantine anasema kweli. Minye niko na mbili. Kyungu aingie mu ordinateur moja, Kabange mu ingine. Na musikie hesabu: mia mbili na mia mbili, ni ngapi?”

“Mia ine,” wakajibu wote.

“Na mia ine na mia tatu na hamsini, mukubwa ni gani?”

Nyumba ikapiga makofi. Cyrille alisimama pale kama aliyepigwa na mlango. Alijua hesabu ni ya uongo, lakini kila tarakimu ilikuwa ya kweli.

“Tonton, itakuwa mashine mbili. Baba Kabongo ataangalia gani?”

“Iko na macho mbili, haina vile?”

Ikapitishwa. Jumamosi mashine mbili zipelekwe, moja kwa kila jicho.

Cyrille alitoka nyuma, akakaa kando ya mbabula, jiko la makaa, ambapo mama yake alikuwa anakoka moto. Germaine hakuwa mtu wa maneno marefu. Alisoma darasa la nne tu, lakini kwa vitendawili alikuwa daktari.

“Mama, nikikatala maneno yabo, habataenda. Nikiitika, camion itaruka, na baba Kabongo atanifukuza.”

Germaine akapuliza moto.

“Vuguvugu alioa vuguvugu,” akasema. “Balizaa nani?”

“Siyui, mama.”

“Basi usijibu weye. Enda umupelekee tonton yako. Yee njo anapenda kujibu.”

Cyrille akarudi ndani, akakitega kitendawili kwa heshima zote. Barthélemy hakufikiri hata kidogo.

“Moto! Vuguvugu na vuguvugu, ni moto. Ni addition.”

“Tonton, tuone na macho?”

Wakatoka wote uani. Germaine alikuwa ameshaweka sufuria mbili za maji juu ya mbabula mbili. Maji yalipoanza kupata joto, ya kumwogesha mtoto tu, akazitoa, akamwaga zote mbili katika sufuria ya tatu, kubwa. Barthélemy akavua saa, akaiweka mfukoni, akaingiza kidole. Cyrille akainama karibu.

“Bipi, tonton?”

“Ngoja.” Akaingiza vidole viwili. “Sufuria ile njo mubaya.”

Wakaleta sufuria nyingine. Wakamwaga tena. Akaingiza mkono mzima mpaka kwenye kifundo, akauacha humo muda wa Baba Yetu na Salamu Maria tatu. Maji yalikuwa mazuri sana. Mtoto angelala humo.

“Ongeza ya tatu!” akaamuru. Wakaongeza ya tatu. Wakaongeza ya nne. Kufika ya sita uani palikuwa na maji ya kuogesha batalioni, na hakuna hata povu moja lililopanda.

Barthélemy akatoa mkono, umejikunja kama wa mfuaji. Alitazama sufuria kama mtu aliyesalitiwa na rafiki wa shule.

“Kumbe mia mbili na mia mbili,” akasema polepole, “inabakia mia mbili, lakini mingi.”

“Njo vile, tonton.”

“Hm. Na mashine yangu, itafanya kazi gani? Minye nitaenda kule mikono wazi, kama muntu hana kintu?”

Hapo Cyrille alikuwa amejiandaa. Alisema ile ya Lambert haina nyumba. Itabidi ikae ndani ya sanduku la tonton, itazamie kioo cha tonton, ichapiwe kwa vitufe vya tonton.

“Kumbe ni mugeni kwangu,” Barthélemy akasema, na kifua kikarudi mahali pake. “Mugeni mwenye nguvu, lakini mugeni. Sawa. Aingie.”

Baiskeli ikaenda kwa Lambert, prosesa ikaja. Cyrille akazipanga kadi ndani ya sanduku moja, kiti kwa kiti, akaziunga kwa utepe mfupi. Alidhani yamekwisha. Shangazi Clotilde akainama, akachungulia nyuma ya sanduku.

“Ile kamba ya kwenda ku kioo, iko ku Kyungu tu. Kabange ya kwake iko wapi?”

“Iko moja tu, tantine. Kabange anapitishia kwa Kyungu.”

“Ayi! Mutoto anakulia mu mukono ya ndugu yake? Fungua! Toa byote!”

Cyrille alifuta jasho. Kesho yake ndiyo Jumamosi. Akachukua kijiti, akachora mistari kwenye vumbi, kama mtu anayepima shamba la mahindi.

“Angalia, tantine. Picha ni shamba. Iko na mistari mingi, toka juu mpaka chini. Mustari ya kwanza analima Kyungu. Ya pili, Kabange. Ya tatu, Kyungu. Ya ine, Kabange. Mpaka chini. Hakuna anayepita mwenzake ata mustari moya. Prosesa njo inagawa mbegu, na hii iko na mbio, hakuna anayengoja.”

Clotilde alihesabu mistari ile kwa kidole cha mguu. Alihesabu tena toka chini kwenda juu, asije akadanganywa.

“Na nani anaanzaka?”

“Kyungu, tantine.”

“Siku yote?”

“Mpaka siku ya Mungu, siku ya misa. Siku ya Mungu nawageuza, Kabange anaanza.”

“Uape.”

Akaapa, mkono juu ya sanduku la kompyuta.

Jumamosi saa nane mchana wakaingia kwa Kabongo: Barthélemy amebeba kioo kama sakramenti, Cyrille na sanduku, Germaine na kikapu, Clotilde mbele akiimba. Alimtukana Kabongo tumbo, magoti na namna anavyokoroma. Kabongo, aliyekuwa Muluba kamili, akamrudishia tusi la mdomo wake mpana, wote wakaridhika kwamba adabu imetimia.

Mtaa ule umeme ulikatwa kila siku saa kumi kamili, upewe mtaa mwingine. Saa mbili zilitosha. Barabara ile ya mchezo, mtu wa kawaida aliimaliza kwa dakika kumi.

Kabongo aliingia chumbani, akatoka na viatu vya kazi na kofia ya chuma. Akazunguka meza mara moja, akichungulia chini kama kuna mafuta yanayovuja. Akaketi. Cyrille akawasha.

Lori likaondoka. Halikuganda. Halikuruka. Barabara ilitiririka chini yake kama mafuta ya mawese, miti ikapita mmoja mmoja. Sephora, aliyesimama mlangoni na sinia, akamtazama Cyrille, na Cyrille akaona ulimwengu umepona.

Kisha akaona mwendo. Ishirini kwa saa.

“Baba,” akasema kwa sauti ndogo, “unaweza kukaza mwendo kiloko.”

“Niko na mzigo.”

Magari mengine yalimpita yakivuma. Kabongo akayapisha yote. Kwenye kila kona alipunguza. Kwenye daraja alisimama kabisa, akalikagua kwa macho, ndipo akavuka. Saa tisa ikalia. Barthélemy akafungua kinywa aanze maneno ya posa. Kabongo akainua kidole kimoja bila kugeuza kichwa.

“Chauffeur habamusemeshake.”

Dereva hasemeshwi, basi wakakaa wote wanne kama abiria. Saa tisa na nusu. Saa kumi kasoro robo. Mwisho wa barabara ulionekana, bendera mbili ndogo mbali huko. Cyrille alikuwa anasukuma sakafu kwa miguu yote miwili.

“Papa,” Sephora akasema kutoka mlangoni, “banasema courant itaenda.”

“Mwanangu, miaka makumi mbili na ine sikugonga ata mbuzi. Nianze leo?”

Bendera zikawa kubwa. Ukaweza kuona rangi zake. Hapo kioo kikawa cheusi, na feni ya prosesa ikazunguka mara ya mwisho, fff, ikatulia.

Mkono wa Cyrille ulitafuta baiskeli ambayo haikuwepo tena. Barabara haikwisha. Neno lilikuwa mpaka mwisho.

Kabongo alibaki ameshika meza. Kisha akapapasa pembeni ya kiti, akavuta kitu ambacho hakikuwepo, breki ya mkono bila shaka, na akageuka nyuma kwa mara ya kwanza tangu saa nane.

“Haikuruka,” akasema.

“Haikuruka, baba.”

“Camion ni muzima. Njia njo imekufa.” Akawatazama wageni wote kama anayewaona sasa hivi. “Mizigo haiachwake pa njia. Siondoke hapa mpaka courant irudie. Kesho nani atawasha?”

“Minye, baba.”

“Na siku ya kutengeneza, ikianza kuumwa?”

“Minye.”

“Mutu wa namna hii hawezi kukaa mbali na camion.” Akavua kofia, akaiweka magotini. “Tonton Barthélemy, ulikuwa unataka kusema kintu. Sema. Chauffeur akipata panne, camion ikikufa pa njia, iko na wakati.”

Barthélemy akasimama, akatoa kalamu sikioni. Lakini Kabongo akamzuia kwanza, akamwita bintiye.

“Sephora, kata matawi uweke pa njia. Muntu asikuye kutugonga kwa nyuma.”

Sephora akaenda mbio uani, akarudi na matawi mabichi ya mwavokado, akayapanga sakafuni nyuma ya kiti cha baba yake, moja, moja, moja, mpaka karibu na mlango. Ndipo tonton Barthélemy akayaruka kwa heshima, moja, moja, moja, akaenda kumposea Cyrille.