Maneno ya Kyabu

Mwaka 1955 Salomé, binti wa Kapenda, karani wa serikali, alikuwa anamaliza mafunzo ya ualimu katika shule moja ya misheni hapa Kamina. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Katika mwaka wa mwisho kila mwanafunzi wa ualimu alipewa watoto sita wa kuwaangalia: wasiokula, wanaolia darasani, wanaotoroka. Alikaa nao baada ya masomo, akawasikiliza, kisha akaandika. Mkuu wao, Mwalimu Ézéchias, aliwagawia madaftari ambayo alikuwa ametia namba kila karatasi kwa mkono wake.

"Mutoto akisema, muandike," aliwaambia. "Kichwa inasahau."

Mmoja wa watoto wa Salomé alikuwa Kyabu, msichana wa miaka kumi. Kwao kulikuwa kijiji cha barabara ya Kabongo, lakini alikaa kwa shangazi yake karibu na stesheni. Wiki mbili nzima alishika tumbo darasani, na muuguzi hakuona ugonjwa. Jumanne moja, wenzake walipokwisha kuondoka, alimsogelea Salomé na kusema kwa sauti ndogo:

"Mama mwalimu, tata iko anajificha kule kwa shangazi, mu chumba ya mihogo. Askari banamutafuta. Usiambiye muntu."

Salomé alielewa mara moja kwa nini baba yake Kyabu anatafutwa. Kulikuwa na dini iliyokatazwa na serikali, na waliokamatwa kwa ajili yake walipelekwa mbali na jamaa zao. Alimpapasa mtoto mgongoni, akamwahidi kunyamaza. Kisha, kama alivyofundishwa, akaandika yote kwenye karatasi ya kumi na nne.

Alhamisi mchana afisa wa serikali alifika shuleni. Alisema alisikia kuna madaftari ya siri za watoto, na kesho asubuhi atakuja kuyasoma yote.

Salomé alikwenda kwa Mwalimu Ézéchias. Hakutaja jina. Alisema tu kwamba mtoto mmoja alimwamini kwa neno zito, nalo liko ndani ya daftari.

Ézéchias alifunga mlango kwanza. "Usiniambie ni nani," alisema. "Minyi pia niko naogopa. Serikali ikiomba kitu, tunapeana. Njo vile tunaishi."

Salomé akatoka. Alimkuta Kyabu kwenye bomba akinawa miguu, akachuchumaa karibu naye.

"Kyabu, yale uliniambia, niliyaandika mu kaye, mu daftari ya shule. Kesho bwana wa serikali atakuja kusoma."

Mtoto alimtazama. "Uliandika?"

"Niliandika. Nilikosa. Maneno ilikuwa yako, haikuwa ya kaye."

Kyabu hakulia. Alivaa viatu kwa miguu yenye maji, akachukua mfuko wake, akakimbia kwenda nyumbani kwa shangazi. Salomé naye akaingia jikoni mwa shule, ambako mama mpishi alikuwa anasonga bukari, akararua karatasi ile na kuitia motoni.

Asubuhi yake afisa alikaa kwenye meza ya Ézéchias, akafungua daftari la Salomé kwa kidole alicholowesha mate. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na tano. Akasimama hapo.

"Nani alirarua?"

Salomé alikuwa ametayarisha uongo: panya, mvua, mtoto mdogo wa nyumbani. Akauacha wote.

"Minyi, Bwana."

"Kulikuwa nini?"

"Maneno ya mutoto."

"Mutoto gani?"

Salomé alitikisa kichwa.

"Baba yako iko anafanya kazi mu biro yetu," alisema afisa polepole. "Unajua?"

"Najua, Bwana. Lakini mutoto aliniambia minyi. Hakukuambia weye."

Afisa akamgeukia Ézéchias. Mwalimu alijibu kwamba hajui, na kweli hakujua. Basi watoto wote sita wakaitwa, wakapangwa ukutani. Kila mmoja aliulizwa alichomwambia mwalimu. Wa kwanza alisema anaogopa mbwa. Wa tatu alianza kulia. Zamu ya Kyabu ilipofika, Salomé hakuona tena chumba. Aliona midomo ya mtoto tu.

"Nilisema tumbo inaniuma," alisema Kyabu.

Afisa akapita kwa mwingine.

Salomé alipelekwa kwenye ofisi ya serikali. Siku tatu alikalishwa kwenye baraza, jua likimpiga usoni. Aliulizwa swali lile lile, na kila mlango uliposikika aliruka. Hakusema. Siku ya nne wakamwachia, ila masomo yake yalisimamishwa mwaka mzima, na baba yake hakumsemesha mpaka mwezi ukaisha.

Baada ya wiki tatu habari ikafika: Numbi, baba yake Kyabu, amekamatwa Kabondo-Dianda, kwa wavuvi alikokimbilia. Siku hiyo hiyo shangazi alikuja uani kwa Kapenda, amemshika Kyabu mkono. Salomé alijificha nyuma ya mlango.

"Binti yenu njo alimuuza kaka yangu," shangazi alisema, na majirani wakasimama kusikiliza.

"Hapana, shangazi," alisema Kyabu. "Kama alisema, bangemukamata mu nyumba yetu. Balikuja?"

Shangazi akamwachia mkono, akakaa chini hapo hapo uani, akaanza kumlilia kaka yake.

Salomé akatoka nyuma ya mlango, akaenda kukaa nao chini.