Unywele Ndani ya Zumari

Fearchar MacCuish alikuwa na dini mbili. Ya kwanza aliifuata Jumapili asubuhi tu. Ya pili, ile ya matete, aliihubiri wiki nzima, hata kwa watalii waliosimama kumuuliza njia.

Mafundisho yenyewe hayakuwa magumu. Zumari la kiriba, lile la Waskoti lenye mfuko wa kukumbatiwa kwapani, lina mabomba matatu yanayovuma begani mwa mpigaji bila kupumzika, na ndani ya kila bomba mna ulimi mdogo unaotetemeka. Ulimi huo, kwa Fearchar, sharti uwe wa tete, uchongwe kwa kisu, ufungwe uzi wenye nta, na uwekewe unywele mmoja chini yake ili usijifunge. Unywele aliung'oa kichwani kwa mkewe, Dolina, ambaye nywele zake zilikuwa nyekundu kuliko za mtu yeyote kisiwani Skye, huko Uskoti. Mtu anayeweka plastiki, alisema, afadhali akapige honi ya lori.

Tabu ni kwamba kombe la michezo ya kijiji lilichukuliwa kila mwaka na jirani yake, Eachann Beaton, na Eachann alikuwa mtu wa plastiki. Fearchar hakutaka kingine duniani ila kumshinda Eachann mara moja tu, kwa tete, watu wakiona, kabla vidole vyake havijakakamaa.

"Kwa mvua hii," Dolina alimwambia ndani ya gari asubuhi ya michezo, "hayo matete yako yatakunywa maji yanyamaze kama mwaka jana. Chukua hizi." Akampa kikopo chenye ndimi tatu nyeusi za plastiki.

"Umezitoa wapi?"

"Mimi nimewahi kukuuliza kwa nini unaning'oa nywele?"

"Zirudishe huko huko. Siwezi kuuaibisha ukoo."

Dolina akakiacha kikopo kitini, akaenda zake hema la chai. Fearchar alijaribu zumari lake nyuma ya gari. Bomba moja likazima. Akalirekebisha, likavuma, likazima la pili. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna binadamu anayeona kilichomo ndani ya bomba la mwenzake, na Fearchar aliyajua hayo muda mrefu kabla ya siku hiyo. Alipopanda jukwaani, dini yake ilikuwa mfukoni, imefungwa kwenye leso.

Alipiga vizuri kuliko alivyowahi kupiga maishani. Mvumo ulitulia tuli, naye kwa mara ya kwanza baada ya miaka hakuwa na cha kufikiria ila vidole vyake. Eachann, kwa upande wake, aliamka na mkosi: katikati ya wimbo bomba lake lilikoroma, kisha likanyamaza kabisa.

Mwamuzi wa mwaka huo, Mzee Murchadh Gillies, naye muumini wa matete tangu ujana wake, alimkabidhi Fearchar kombe huku machozi yakimlengalenga. "Mmesikia?" akawauliza watu waliojibanza hemani kukimbia mvua. "Hiyo ndiyo sauti ya tete. Plastiki haimtoi mtu machozi hata siku moja."

"Haimtoi, mzee," Fearchar akaitikia. Aliona haya, lakini kombe lilikuwa zito mkononi, na uzito wake ulimfurahisha.

Eachann alikuwa ameketi benchini, amechomoa bomba lake alikaushe. Fearchar alimwendea ampe pole, yaani amsimange kidogo kwa adabu. Ndipo alipouona ulimi wenyewe: tete, uzi wa nta, na chini yake unywele mwekundu.

"Eachann," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia, "unywele wa mke wangu unafanya nini ndani ya zumari lako?"

Hemani mtu mmoja aliacha kutafuna.

Eachann aliiva uso kwa haya hadi masikioni. "Si kama unavyofikiri, bwana. Nilichoshwa na mahubiri yako, nikasema safari hii nikushinde kwa hilo hilo tete lako. Dolina akanipa seti moja. Tulibadilishana."

"Na wewe ukampa nini?" aliuliza mama mmoja wa nyuma, asiyehusika kabisa, na watu wakacheka.

"Nimeahidi kutosema," Eachann akajibu.

Hapo watu hawakucheka tena. Dolina aliingia na sinia la vikombe, na kila jicho likaenda kwenye nywele zake. Aliliona bomba lililofunguliwa, akamwona mumewe na kombe lake, akaelewa yote. Neno moja tu lingemsafisha mbele ya kijiji kizima. Hakulisema. Aliweka sinia chini, akaanza kugawa chai.

Fearchar aliona moyo unamuuma kweli. Akaliweka kombe mezani, akachomoa bomba lake, akaliinua juu ili hata wa nyuma waone.

"Alimpa hii," alisema. "Nimeshinda kwa plastiki ya Eachann, na Eachann ameshindwa kwa matete yangu. Mke wangu hana kosa lolote, ila kuolewa na mimi."

Baadhi ya watu, kusema kweli, walionekana kuvunjika moyo. Mzee Murchadh alisogea, akainama, akaitazama plastiki iliyomliza. Akafuta miwani yake, akaitazama tena.

"Fearchar," alisema kwa huzuni, "afadhali yangekuwa mapenzi."